Unene wa watoto Nakuru: tuanzie langoni mwa shule au tuingojee serikali?

Mzazi wa Section 58 (Nakuru) aliuliza:

Wanajukwaa, hamjambo.

Nina watoto wawili katika shule moja ya msingi hapa Nakuru, na tangu muhula uliopita nimekuwa mwakilishi wa darasa katika chama cha wazazi. Katika mkutano wetu wa mwisho niliomba tuzungumzie vyakula vinavyouzwa langoni na katika duka la shule, kwa kuwa nimeona watoto kadhaa wa darasa la mwanangu wakinenepa kwa kasi inayonitia wasiwasi, na sifichi kwamba wangu wa pili ni mmoja wao.

Hali yenyewe wengi wenu mnaijua. Kabla kengele ya mapumziko ya saa nne haijalia, pale nje pamejaa smokie pasua (soseji za kupasuliwa), chipsi, mandazi, peremende na barafu za rangi nyekundu ambazo sina hakika zimetengenezwa kwa nini. Ndani ya ua, duka la shule lenyewe huuza soda na biskuti. Watoto wanaokaa mwendo wa robo saa kwa miguu huletwa kwa bodaboda, kwa sababu barabara haina njia ya waendao kwa miguu na hakuna mzazi atakayemwacha mtoto wa darasa la pili agombanie nafasi na matatu. Wakirudi jioni huketi mbele ya televisheni au simu, kwani kiwanja tulichochezea mchezo wa kati na wa kuruka kamba sisi wazazi wao sasa kimesimamishwa ghorofa nne.

Nilipomaliza kueleza hayo, mzee mmoja tunayemheshimu sana alisimama akasema: "Kuna watoto wanaolala njaa katika mitaa ya Kaptembwo na Rhonda, nawe watuletea habari za walioshiba kupita kiasi." Watu walicheka, na hoja yangu ikafa hapo hapo.

Nilienda kutafuta takwimu, na kusema kweli mzee hakukosea kabisa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa, ilhali waliozidi uzito ni asilimia 3 tu. Lakini utafiti huohuo ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake wanne katika kila kumi walio na umri wa miaka 20 hadi 49 wamezidi uzito, na hawa hawakuota kama uyoga usiku mmoja, walikuwa watoto. Duniani, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watoto na vijana wa miaka 5 hadi 19 waliozidi uzito walikuwa asilimia 8 mwaka wa 1990, na kufikia 2022 walikuwa asilimia 20.

Ninachotaka kujua ni hiki: je, sisi wazazi na serikali ya kaunti tuna mamlaka yoyote ya kubadilisha mambo haya, au ni lazima tungojee sheria kutoka Nairobi? Na tutalizungumziaje jambo hili bila kuwaaibisha watoto wanene, na bila kuonekana tunawadharau wenye njaa?

Bwana Afya Mstaafu (Kisumu) alijibu:

Ndugu mzazi, nimefanya kazi ya afya ya umma kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na swali lako la mamlaka ndilo ninaloweza kulijibu kwa uhakika kidogo.

Chukua Katiba ya 2010, ufungue Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, inayoorodhesha kazi za kaunti. Utakuta huduma za afya za kaunti, na ndani yake utoaji wa leseni na udhibiti wa biashara zinazouzia umma chakula. Utakuta udhibiti wa matangazo ya nje, barabara za kaunti, masoko, bustani na viwanja vya burudani, na elimu ya chekechea. Sasa isome orodha hiyo tena ukiwa na lango la shule yako akilini. Leseni ya kibanda cha chipsi, bango kubwa la soda linalowatazama watoto wakivuka barabara, njia ya miguu isiyokuwapo, na kiwanja kilicholiwa na ghorofa: yote hayo yanaangukia, kwa kiasi kikubwa, kwenye meza za kaunti. Kaunti haiwezi kutoza ushuru wa bidhaa, kwa kuwa Ibara ya 209 imeuacha mikononi mwa serikali ya kitaifa, wala haiwezi kubadilisha mtaala wa shule za msingi. Kwa hiyo ni vyema kwanza mtenganishe madai yenu, kwa maana nimeona maombi mengi mazuri yakitupwa kwa sababu tu yalipelekwa kwenye mlango usiokuwa wake.

Duka la shule ndilo jepesi kuliko yote. Chini ya Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, shule ya umma ina halmashauri ya usimamizi, na ustawi wa wanafunzi ni jukumu lake. Halmashauri ikiamua kwamba duka lake halitauza soda, hakuna waziri anayehitaji kutia sahihi. Anzeni hapo, kwani hamtakuwa na uso wa kumfukuza mama wa mandazi langoni ilhali shule yenyewe inauza soda ndani.

Kwa kaunti, kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi katika bunge la kaunti. Lakini msiandike kwamba mnaitaka kaunti "ipige vita unene", kwa sababu ombi kama hilo litapongezwa na kila mwakilishi wadi na halitatekelezwa na yeyote. Andikeni kwamba mnataka mabango ya vinywaji vyenye sukari yasisimamishwe karibu na shule, na mpendekeze ni mita ngapi. Andikeni kwamba mnataka njia ya miguu kutoka mahali fulani hadi lango fulani. La pili linahitaji fedha, na fedha zina kalenda yake: mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Wananchi wengi hujitokeza kwenye vikao vya maoni wakati unga umeshakuwa ugali.

Hapa nitakiri jambo linaloniudhi hadi leo. Nilipokuwa kazini tulikagua vibanda vya chakula kwa bidii. Tulitazama maji, choo, usafi wa meza na cheti cha afya cha muuzaji. Fomu tuliyopewa haikuwa na hata mstari mmoja wa kuuliza ni mafuta gani yanayokaangiwa na yametumiwa mara ngapi, au kinywaji kina sukari kiasi gani. Kazi hii ilijengwa nyakati ambazo adui wa mtoto alikuwa kipindupindu na homa ya matumbo. Adui huyo bado yupo, hasa huku kwetu ziwani, lakini amepata mwenzake, na fomu haijabadilika.

Kuhusu ushuru, ambao ni wa Nairobi, nina machache. Kenya hutoza soda ushuru kwa lita, bila kujali kama lita hiyo ina sukari nyingi au kidogo, kwa hiyo kiwanda hakina sababu ya kuipunguza. Afrika Kusini tangu Aprili 2018 hutoza kwa kila gramu ya sukari inayozidi gramu 4 katika mililita 100, na Uingereza, iliyoanza mwezi huohuo, iliweka viwango viwili, vya gramu 5 na gramu 8, hata viwanda vingi vikaanza kupunguza sukari kabla sheria haijaanza kutumika. Huku kwetu, ukiitaja sukari kwa ubaya Muhoroni au Chemelil utaambiwa unataka kuua miwa. Hofu hiyo naielewa, lakini sukari nyeupe iliyosafishwa ambayo viwanda vya soda hutumia huagizwa kwa wingi kutoka nje. Mkulima wa miwa anatumiwa kama ngao katika vita visivyo vyake.

Muuguzi (Kakamega) alijibu:

Namshukuru mzee wa Kisumu kwa maelezo yake. Mimi nitalijibu swali lako la pili, kwa kuwa ndilo linalonikuta kazini kila siku.

Yule mzee wa mkutano wenu anadhani njaa na unene ni watoto wawili wa mama tofauti. Mara nyingi ni mtoto mmoja. Mtoto aliyedumaa akiwa mdogo kwa kukosa lishe bora, kisha akakua akishibishwa kwa unga, mafuta na sukari kwa kuwa ndivyo vinavyopatikana kwa bei nafuu, yumo hatarini zaidi ya kujaza mafuta mwilini baadaye. Utapiamlo si kukonda tu. Ibara ya 53 ya Katiba inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi, na anayekula mandazi na chai ya rangi asubuhi, mchana na jioni hajaipata haki hiyo hata kama mashavu yake yamejaa. Ukilieleza hivyo mkutanoni, hutalazimika kuchagua kati ya mtoto wa Kaptembwo na wako.

Jambo la pili ni kwamba hatuwapimi. Mama humleta mtoto kliniki kwa ajili ya chanjo, na baada ya ile ya pili ya surua, akiwa na miezi 18, wengi hatuwaoni tena hadi waugue. Kitabu cha mama na mtoto kina mchoro wa ukuaji ambao kurasa zake hubaki nyeupe kuanzia hapo. Wiki za Malezi Bora, mwezi wa Mei na wa Novemba, hutufikisha kwenye chekechea kwa vitamini A na dawa za minyoo, na utepe wa kupimia mkono tulio nao umetengenezwa kumtambua aliyekonda. Aliyenenepa hupita mbele yetu, tena tunamsifu: "Mtoto ana afya!" Wengi wetu wa magharibi na wa ziwani tulilelewa au tulifanya kazi katika miaka ambayo kukonda kulimaanisha ugonjwa usiotajwa kwa jina, kwa hiyo msiwacheke nyanya wanaofurahia mjukuu mnene. Wana kumbukumbu zao.

Nawasihi lakini msipime watoto mbele ya wenzao, wala mwalimu asiwapange mistari ya wanene na wembamba. Jina la "kibonge" mtoto akishabandikwa halimwachi hata akiwa mtu mzima. Tena msitumie vipimo vya watu wazima; kwa mtoto, uwiano wa uzito na kimo hulinganishwa na watoto wa umri na jinsia yake, na kazi hiyo ni ya mhudumu wa afya katika chumba kilichofungwa, mzazi akiwapo. Wengi wao hawahitaji kupunguza uzito. Wanahitaji uzito utulie huku kimo kikiongezeka.

Nitaongeza jambo ambalo husahauliwa: maji. Shirika la Afya Duniani hushauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya chakula cha siku, na ikiwezekana nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na takriban gramu 30. Sasa fikiria shule ambayo mfereji wake umekauka tangu Jumatatu. Mtoto mwenye kiu hununua kilicho karibu, na kilicho karibu ni kitamu. Mimi nikipewa shilingi za kuzuia unene wa watoto katika wadi yangu, za kwanza nitazimwaga kwenye tangi la maji safi na mifereji inayofanya kazi, kabla sijachapisha bango hata moja la mafunzo.

Na tusisahau kwamba kazi huanza kabla ya shule. Tuna sheria ya 2012 inayodhibiti uuzaji na utangazaji wa maziwa ya kopo, na Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge chumba cha kunyonyeshea. Mama anayeuza mboga za likhubi na murere sokoni hana mwajiri. Soko, hata hivyo, ni la kaunti, na kaunti inayojenga soko jipya inaweza kujenga chumba hicho pamoja nalo.

Mama wa Smokie (Nakuru) alijibu:

Nimesoma yote kwa makini, kwa kuwa mimi ni miongoni mwa hao mnaowajadili. Nauza nje ya shule kwa mwaka wa saba sasa.

Hakuna siku nimemlazimisha mtoto kununua smokie. Huja na shilingi ishirini aliyopewa na mzazi ambaye hakupata muda wa kumpikia, na kwa shilingi ishirini hutafuta kitu cha moto chenye chumvi. Nilijaribu ndizi mbivu. Siku ya kwanza niliuza, siku ya pili mvua ilinyesha, siku ya tatu zilikuwa nyeusi nikazila na wanangu. Smokie ikibaki hurudi kwenye friji ya jirani. Hiyo ndiyo hesabu yangu, na mtu yeyote atakayeniletea mpango ni lazima aanzie kwenye hesabu hiyo.

Mkiita kanjo, hao askari wa kaunti, watufukuze, tutavuka barabara, na watoto watavuka kutufuata, jambo ambalo ni hatari zaidi kuliko chipsi. Mzee wa Kisumu amesema ukweli kuhusu duka la shule. Sisi huonekana kwa sababu tuko nje kwenye jua.

Lakini siyo kwamba siwezi kubadilisha. Mahindi ya kuchemsha huuzika, viazi vitamu huuzika wakati wa baridi, na mayai pia, ila bei ya trei ikipanda hayanunuliki. Mkinipa nafasi ndani ya ua wakati wa mapumziko, mahali penye kivuli na maji ya kunawa, nami nikajua kwamba duka halitauza soda kando yangu, nitaacha kukaanga. Tena muiombe kaunti ipunguze ada ya leseni kwa anayeuza matunda na vyakula vya kuchemsha. Siku hizi sote hulipa sawa, mwenye mafuta meusi na mwenye ndizi.

Mwalimu wa Mazoezi ya Viungo (Bungoma) alijibu:

Nawaunga mkono, ila naona mjadala umeelemea chakula. Mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji angalau dakika 60 za kuusukuma mwili kila siku. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zimetenga wakati huo waziwazi: masomo ya kutwa huisha saa tisa na nusu alasiri, na kuanzia hapo hadi saa kumi na moja kasorobo ni wakati wa michezo na shughuli nyingine nje ya masomo. Mwombeni mwalimu mkuu awaonyeshe ratiba, kisha siku nyingine mpite saa kumi bila kupiga hodi mwone kama kuna mtoto uwanjani.

Nina hakika kwamba hamtamkuta. Watakuwa darasani wakifanya marudio ya hisabati, na kabla hamjamlaumu mwalimu, kumbukeni kwamba anayedai marudio hayo ni mzazi. Nimewahi kuitwa ofisini kwa sababu mtoto alirudi nyumbani na sare yenye matope na mama yake alitaka kujua ni masomo gani hayo. Shule nyingi za kibinafsi mijini hazina uwanja kabisa. Pale nilipofundisha awali tuliomba uwanja wa kanisa jirani mara mbili kwa wiki, tukavuka na watoto kwa mstari, na haikutugharimu chochote ila barua moja.

Wala msiwape watoto wanene mazoezi kama adhabu. Mchezo wa kati na wa kuruka kamba una nafasi ya kila mtu, tofauti na mpira wa miguu ambapo kumi hucheza na thelathini hukaa kwenye nyasi.

Mzazi wa Section 58 (Nakuru) aliandika tena:

Nawashukuru nyote. Nimemwandikia mwenyekiti wa chama cha wazazi na nimebadilisha jina la hoja: haisemi tena "unene", inasema "maji, mchezo na chakula shuleni", na imebeba mambo matatu tu, yaani soda kuondolewa dukani, mfereji wa pili kutengenezwa, na saa ya michezo kurudishwa kwa walau siku tatu kwa wiki. Ombi la bunge la kaunti kuhusu mabango na njia ya miguu tutaliandika baadaye, tukishapata sahihi za shule jirani mbili, ili liwe tayari kabla ya Septemba.

Yule mzee aliyenipinga nilimtembelea nyumbani Jumapili, nikamweleza maneno ya muuguzi kuhusu mtoto mmoja mwenye njaa na unene kwa pamoja. Hakusema amekubali. Aliniuliza tu mfereji utagharimu kiasi gani.

Mama wa Smokie, kama uko upande huu wa mji, mkutano wetu ni Ijumaa saa nane mchana na ningependa hesabu yako ya ndizi uieleze mwenyewe.

Mama wa Smokie (Nakuru) alijibu:

Niko mbali kidogo, karibu na Free Area, lakini nitafika. Msianze kabla ya saa nane na nusu, kwa kuwa saa nane watoto wa chekechea ndio hutoka.